Kicheko cha Taniela

Jeraha likishafunga, mwenye jeraha hurudi kubeba maji, kwenda sokoni na kucheka na majirani. Watu humwona wakasema huyu amepona. Wahenga hawakuwa na haraka hiyo. Walijua kwamba ngozi hufunga kabla ya nyama, na kwamba mtu aliyeumia huweza kutembea miaka na miaka akiwa na mahali pamoja mwilini ambapo hataki paguswe. Hadithi hii ni ya mwanamke aliyekaa nyumba moja na mtu wa namna hiyo asijue.

Mwanamke huyo aliitwa Kalolaine. Alikuwa akikaa Neiafu, kisiwani Vava'u, pamoja na mumewe Taniela na mtoto wao wa kiume, Siosi. Taniela alikuwa mkaguzi wa vanila wa chama cha wakulima. Alilipitisha ganda la vanila chini ya pua, akalikunja kidogo kwenye kidole, akakwambia mkulima alikuwa mvivu wa kuanika au mwepesi wa kuchuma. Hakukosea. Mara tatu kwa mwaka chama kilimtuma Nuku'alofa, mji mkuu ulio kisiwa kingine, kukutana na wanunuzi, naye alikuwa akienda na kurudi kama mtu aendaye kisimani, na zawadi mkononi na vichekesho vipya mdomoni.

Safari hizo zilikuwa mwiba moyoni mwa Kalolaine. Mji ule ndio uliomchukua binti yao wa kwanza, Vika. Alipokuwa na umri wa miaka sita, Vika alishikwa na homa kali, na Taniela akampandisha ndege kumpeleka hospitali kubwa. Kalolaine hakuweza kufuatana nao. Ndiyo kwanza alikuwa amejifungua Siosi. Mtoto akafia huko. Kimbunga kilikuwa kimeufunga uwanja wa ndege, na meli zilikuwa zimetia nanga. Dada mkubwa wa Taniela, Sulieti, akatamka kwamba mtoto wa kaka yake atazikwa kijijini kwao, karibu na mji huo, pamoja na watu wao. Shangazi akishatamka juu ya watoto wa kaka yake, hakuna wa kumjibu, na kaka mwenyewe ndiye wa mwisho kabisa, kwa maana kaka hasimami mbele ya dada yake akabishana. Kalolaine alipigiwa simu kaburi likiwa limeshafukiwa.

Taniela alirudi na sanduku dogo la nguo za Vika. Aliliweka juu ya kabati, akala, akaenda shambani. Hakulia. Wiki ya pili akasikika barabarani akicheka na wauza samaki.

Miaka minne ikapita hivyo. Kalolaine hakuwahi kwenda Nuku'alofa, kwani alisema hana haja ya kutazama mchanga. Lakini kila mumewe aliporudi na kicheko chake, kitu fulani ndani yake kilizidi kupoa, kama jiko lililosahauliwa. Kaka yake Feleti, aliyekuwa akiishi Auckland, alikuwa amempa shauri: "Njoo na mtoto. Chumba kipo. Usizeeke na mtu asiye na moyo." Kalolaine alimwambia angojee jibu.

Ndipo ikatokea safari ya mwezi wa nane. Wanunuzi walikuwa wamechukua vyumba katika hoteli ya ufukweni, na mwenyekiti wa chama akamtania Taniela mbele ya watu, "Safari hii mchukue mkeo. Kitanda chenyewe kinatosha familia ya watu sita, utapotelea humo peke yako."

Taniela alimpelekea mkewe maneno hayo kama mzaha tu. Alidhani atakataa.

"Nitakuja," alisema Kalolaine. "Nimechoka. Nataka kulala mahali ambapo si mimi ninayetandika."

"Haya," akasema mumewe. "Mama yako atakaa na Siosi?"

"Nimeshamwambia."

Hakumweleza la pili. Alikuwa ameamua kumpima. Barabara ya kutoka uwanja wa ndege kwenda mjini hupita kijijini kwa akina Taniela, kando kabisa ya makaburi. Kama mumewe angepita pale bila hata kugeuza shingo, Jumatatu wakirudi angempigia Feleti simu na kumwambia atayarishe chumba.

Ndege ilitua Alhamisi mchana. Gari la hoteli lilikuja kuwapokea, na dereva, mtu mnene mwenye mkeka mpya kiunoni, kama wanaume wa huko wajifungavyo kwa heshima, alimjua Taniela tangu zamani.

"Karibu nyumbani, msaliti! Bado umeolewa Vava'u?"

"Nimeolewa, tena nalishwa vizuri," alijibu Taniela akipanda mbele. "Wewe uliyebaki hapa nani anakutaka?"

"Shemeji, unamlisha nini huyu? Nasikia huko kwenu mnakula viazi vikuu na upepo."

"Na vanila," Taniela akawahi kujibu. "Ndiyo maana sisi tunanukia, nyinyi mnanuka mazizi ya nguruwe."

Dereva alicheka mpaka gari likayumba. Kalolaine, kiti cha nyuma, hakucheka. Aliliona kanisa jeupe, kisha yakatokea makaburi: vichuguu vya mchanga vilivyozungushiwa chupa zilizopinduliwa, na nyuma ya kila kichuguu shuka la rangi lililotundikwa kwenye fito, likipepea. Hakujua lipi ni la mwanawe. Akamgeukia mumewe. Taniela alikuwa amempa dereva uso wake wote. Alikuwa akimpigapiga begani na kusimulia habari ya nguruwe aliyeingia kanisani, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, huku akicheka kabla ya kufikia penye kuchekesha. Makaburi yalibaki nyuma. Shingo yake haikugeuka.

"Basi," Kalolaine alijiambia. "Nimeona."

Hoteli ilikuwa nzuri. Taniela aliondoka asubuhi na kisanduku chake cha vanila, na Kalolaine akabaki na kitanda kipana, maji ya moto yasiyokwisha, na papai lililokatwa na mtu mwingine. Ijumaa alikwenda sokoni Talamahu akamnunulia mama yake kapu. Jumamosi aliingia kwenye bwawa la hoteli na nguo zake zote, kama wafanyavyo wanawake wenye heshima zao, akaelea chali akiangalia mawingu. Mtu aliyemwona angesema huyu ni mke wa mtu aliyekuja kujipumzisha, na asingekuwa amekosea sana. Mwili ulipumzika. Kichwani alikuwa akigawa vyombo vya nyumba: sufuria zipi za kuacha, mikeka ipi ya kwenda nayo.

Jumamosi jioni Taniela alirudi akinuka kava, kile kinywaji cha mizizi wanachokunywa wanaume barazani, akaketi ukingoni mwa kitanda kuvua viatu.

"Kesho dada anatuita chakula baada ya ibada."

"Huwa unakwenda kwake?"

"Kila nikija napita."

"Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza," alisema Taniela bila ukali, akalala.

Jumapili katika nchi hiyo ni siku ya kengele. Maduka hufungwa, bwawa la hoteli hufungwa, hata mbwa huonekana kutembea kwa adabu. Dereva aliwashusha kijijini, wakasali katika kanisa lile jeupe, na watu walipotoka Kalolaine aliona wengi wakifuata barabara ya lami kando ya makaburi. Taniela alishika njia nyingine, nyuma ya kanisa, iliyoingia kwenye mashamba ya mihogo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Viatu vya Kalolaine vya Jumapili vilizama kwenye tope mpaka vifundoni.

"Ndiyo njia hii?" aliuliza.

"Ndiyo. Huku kuna upepo."

Hapakuwa na upepo wowote. Walizunguka shamba moja, wakavuka mtaro, wakazunguka shamba jingine, wakatokea nyuma ya nyumba ya Sulieti wakiwa kama watu waliotoka kuvuna.

Sulieti alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, kiongozi wa akina mama kanisani. Alimkumbatia Kalolaine mlangoni. Taniela hakuingia. Kaka na dada waliokua hawakai chumba kimoja. Yeye aliketi barazani, akainamisha kichwa kumsalimu dada yake bila kumtazama usoni, na binti mmoja akampelekea sahani huko huko. Ndani, wanawake wawili waliketi mkekani. Majani ya magimbi yaliyookwa kwa nyama na tui yalifunguliwa yakitoa mvuke.

"Kula, wifi. Au hoteli imekushibisha? Nasikia huko wanakupa mkate mwembamba kama karatasi, ukiuliza mwingine wanakuita mshamba."

"Nakula, wifi."

Sulieti alitupa macho chini, akaona miguu ya mgeni wake. "Mbona tope hivyo? Mmepita wapi?"

"Alikonipitisha kaka yako. Nyuma ya kanisa."

Mkono wa Sulieti ulisimama juu ya sahani. "Kumbe bado anazunguka," alisema.

"Anazunguka nini?"

"Wifi, kutoka kanisani mpaka hapa ni pua na mdomo. Unapita makaburini, umefika. Miaka minne huyu anapita mihogoni. Kila akija anaingia uani kwangu na tope magotini. Watoto wangu humcheka, 'Mjomba amekuja na shamba lake.' Naye anacheka nao. Anajisafisha bombani, anakula, anarudi alikotoka, kwa njia ile ile."

Kalolaine aliweka chini kipande cha kiazi alichokuwa amekishika. "Haendi kaburini?"

"Hajakanyaga tangu siku ile. Mimi ndiye ninayefagia, ninayebadilisha mchanga. Nilikuwa nikidhani nyinyi wawili mmekubaliana hivyo, huko kwenu."

"Mimi nilidhani ameshasahau," alisema Kalolaine.

Sulieti alisogea karibu naye. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini, kwa sababu aliyekuwa akizungumzwa alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao.

"Siku ile aliketi pale pale alipoketi sasa. Nguo zake zimelowa, sanduku la mtoto amelipakata, uso ameuelekeza njia ya uwanja wa ndege. Ndege hakuna, wifi, miti imelala barabarani, na yeye amekaa kama abiria. Hata asiyemjua angejua anataka nini. Alitaka amlete kwako."

"Kwa nini hakusema?"

"Amwambie nani? Mimi?" Sulieti karibu acheke. "Toka anabalehe hajanitamkia neno la 'hapana'. Nikasema kaburi lichimbwe, likachimbwa. Ungekuwapo wewe ungesema. Wewe ni wifi yangu, mdomo wako hauna mwiko kwangu. Yeye mdomo wake kwangu ni wa kulia chakula tu."

Kalolaine alimaliza alichopewa, kwa kuwa si adabu kuacha. Baada ya chakula nyumba nzima ililala, kama Jumapili inavyotaka. Sulieti mwenyewe alijinyoosha mkekani na upepeo juu ya uso. Kalolaine alitoka barazani. Taniela alikuwa macho.

"Twende tukatembee," alisema mkewe. "Lakini tupite njia fupi."

Taniela aliifahamu njia fupi. Alisimama, akajifunga vizuri mkeka wake kiunoni, akamfuata. Barabara ilikuwa tupu. Alianza kueleza habari za wanunuzi: mmoja wao alinusa vanila ya daraja la pili akaisifu kuwa ya kwanza, na yeye akanyamaza tu. Alisimulia vizuri, kama kawaida yake. Kadiri mashuka ya makaburini yalivyokaribia, ndivyo sauti yake ilivyopanda na maneno yalivyokimbizana.

"Alhamisi pia ulikuwa ukipiga kelele hapa," alisema Kalolaine. "Ulikuwa unacheka."

Taniela akakatiza habari yake.

"Kila nikipita hapa lazima niseme na mtu," alijibu. "Dereva yeyote. Nikinyamaza nitapiga ukelele, nao watasimamisha gari, waniulize una nini." Alifuta jasho kwa kiganja. "Sasa nitawajibu nini?"

Walifika langoni. Lilikuwa lango la mbao lisilo na kufuli. Taniela alishika mwimo wake na hakuendelea.

"Nenda wewe," alisema. "La tatu, upande wa barabara."

Kalolaine aliingia. Kaburi lilikuwa dogo. Mchanga wake ulikuwa mweupe, umetandazwa juzi juzi, na shuka lililotundikwa nyuma lilikuwa la rangi ya waridi, lenye vipepeo. Alikuwa ameogopa mahali hapa miaka minne, na sasa alisimama mbele yake akiona ni mahali tu, penye joto. Jua la mchana lilipiga mchanga hadi macho yakauma. Alipiga magoti, akausogeza mchanga kwa kiganja, akausawazisha tena. Alimwambia Vika maneno machache, ambayo ni yao wawili.

Aliporudi langoni mumewe alikuwa amekaa chini, na nguo zake za kanisani, mgongo kwenye mwimo.

"Pana kivuli?" aliuliza Taniela.

Kalolaine alifikiri kumdanganya, akaacha. "Hapana."

"Nilijua." Alinyosha kidole. "Kule ukutani pana mti. Niliwaambia wachimbe chini ya mti." Kisha akatikisa kichwa polepole. "Sikuwaambia. Nilitaka kuwaambia. Dada alikuwa ameshaonyesha mahali. Vika hakuliweza jua, unakumbuka? Alikuwa akivimba uso. Nikamwacha juani."

Ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mtu anayekohoa, huku amefunika mdomo, na Kalolaine aliketi kando yake kwenye majani mpaka kilio kikaisha. Hakumwambia nyamaza. Alikuwa akimtazama kama anayemwona mgeni aliyekaa naye meza moja muda mrefu bila kumwuliza jina.

Walirudi kwa Sulieti. Kalolaine aliingia ndani, akauondoa upepeo usoni mwa wifi yake.

"Wifi, amka. Nina ombi."

"Jumapili?" Sulieti alifungua jicho moja. "Mungu mwenyewe kalala."

"Nataka mti pale kwa Vika. Wa kivuli."

"Mti gani?"

"Mshelisheli. Unakua upesi."

"Mshelisheli makaburini!" Sulieti aliketi. "Uangushe matunda juu ya bibi zetu, watoto wa kijiji wakayaokote wakale? Wewe hoteli imekupumbaza." Kisha alitazama mlango, na nyuma yake baraza. Alielewa ombi lilikuwa la nani na lilikuwa limechelewa kiasi gani. Sauti ikamshuka. "Ule wa maua meupe unafaa. Ukikata tawi ukalichomeka, linashika. Nina mmoja hapo nje. Lakini leo hatuchimbi. Kesho."

"Kesho kuna mkutano wa mwisho wa wanunuzi, na ndege ni mchana."

"Basi achague," alisema Sulieti, akajilaza tena.

Kalolaine alitoka akampelekea mumewe jibu hilo. Jioni, walipofika hotelini, Taniela aliwatumia wanunuzi ujumbe kwamba wasimngojee. Vanila yao imekwisha kukaguliwa.

Jumatatu asubuhi walirudi kijijini. Sulieti alikuwa amekata tawi refu kama mkono, akaliacha limeegemea ukuta na jembe kando yake, kisha akaingia ndani asionekane. Taniela alilichukua tawi, Kalolaine akachukua jembe. Langoni Taniela alisimama tena. Kalolaine hakumvuta. Aliingia, akaanza kuchimba, vibaya, kwa kuwa udongo ulikuwa na mawe ya matumbawe na yeye hakuwa amevaa nguo za kazi. Alichimba mpaka akamsikia mtu nyuma yake.

"Lete," alisema Taniela. "Unachimba kama mtu anayekoroga chai."

Alichukua jembe. Shimo likawa na kina, tawi likasimama, wakalishindilia kwa miguu yao. Lilikuwa kijiti tu, bila jani, na kivuli chake kilikuwa mstari mwembamba uliolala juu ya mchanga. Taniela aliutazama mstari ule mpaka gari la hoteli likapiga honi.

Walipokuwa uwanjani wakisubiri kuitwa, Kalolaine alimpigia kaka yake.

"Chumba mpe mwingine, Feleti."

"Si ulisema huyo mtu hana moyo?"

"Nilisema."

"Sasa umeona nini?"

Kalolaine hakujua jinsi ya kumweleza kwa simu habari ya mashamba ya mihogo. "Nimeona kwamba sikuwa nimetazama," alisema, akakata.

Pale mbele, kwenye mizani ya mizigo, Taniela alikuwa akitaniana na mpimaji, aliyedai kwamba watu wa Vava'u wapimwe mara mbili, kabla ya kula na baada ya kula. Taniela alikuwa akicheka na kichwa amekirudisha nyuma. Wanawake wawili wa kijijini kwao, waliokuwa wakimsindikiza ndugu, walimtambua. Mmoja alimnong'oneza mwenziwe, "Yule si ndiye aliyemzika mtoto wakati wa kimbunga? Heri yake, ameshasahau."

Kalolaine alisikia. Alikwenda akasimama kando ya mumewe, akaushika mkono wake uliokuwa bado na udongo kwenye kucha. Mwenye kovu usidhani kapoa.